Programu za maktaba: dhana potofu zinazoharibu katalogi

Dhana: Programu ikishafungwa kwenye seva, katalogi ipo.

Programu za maktaba kama Koha, Evergreen na PMB hufungwa zikiwa tupu. Kabla ya kuingiza kitabu cha kwanza, lazima ziambiwe matawi ya maktaba, aina za wasomaji, aina za vifaa na kanuni za kuazimisha. Mipangilio hii isifanywe kwa haraka. Kwenye Koha, msimbo wa aina ya kifaa ulioubuni leo haufutiki maadamu kuna nakala inayoutumia, hivyo misimbo kumi na tano iliyobuniwa kwa pupa itabaki ikikuangalia hadi uhamishe nakala zake zote.

Kanuni za kuazimisha nazo husomwa kuanzia iliyo mahususi hadi ya jumla: tawi fulani, aina fulani ya msomaji na aina fulani ya kifaa kwanza, kisha "zote". Ukibadilisha siku za kuazima kwenye kanuni ya jumla na wanafunzi wakaendelea kupewa siku 14, programu haina kosa. Kuna kanuni mahususi iliyosahaulika, na hiyo ndiyo inayotangulia.

Dhana: Kila kitabu kilicho rafuni kina rekodi yake.

Kosa hili ndilo linaloharibu katalogi kuliko mengine yote. Rekodi ya bibliografia inaeleza toleo: jina la kitabu, mwandishi, mchapishaji, mwaka. Rekodi ya nakala inaeleza kile unachokishika mkononi. Vitabu vitano vya toleo lilelile ni rekodi moja yenye nakala tano, na kila nakala ina msimbopau wake. Kwenye Koha nakala hukaa katika uga 952, yaani sehemu ya rekodi yenye namba hiyo:

952 $a MAIN $o 641.5 KIT $p 000123 $y BK
952 $a MAIN $o 641.5 KIT $p 000124 $y BK

Hapo alama ya $ hutenga vijisehemu vya uga: $a ni tawi linalomiliki, $o namba ya rafu, $p msimbopau, na $y aina ya kifaa.

Sasa tuseme umetengeneza rekodi tano badala ya moja. Msomaji anaweka nafasi kwenye ile aliyoiona kwanza. Kesho yake nakala iliyofungwa kwenye rekodi nyingine inarudishwa, inapitishwa kwenye skana, na programu haisemi lolote, kwa sababu kwa hesabu zake kitabu hicho hakina anayekisubiri. Kinarudi rafuni, naye anaendelea kusubiri. Tiba ni kuziunganisha: chagua rekodi zinazofanana, teua iliyo kamili zaidi ibaki, nakala zote zitahamia kwake. Ila usiunganishe kila kinachofanana jina. Toleo la pili lililorekebishwa linastahili rekodi yake. Kuchapwa upya bila mabadiliko hakustahili.

Dhana: Tuanze na Excel, kuhamisha ni kazi ya siku moja.

Kuhamisha kunawezekana, lakini Excel ina tabia mbili mbaya. Msimbopau 000123 inaugeuza kuwa 123. ISBN ya tarakimu 13 inaionyesha kama 9.78E+12, na ukihifadhi faili kama CSV katika hali hiyo, tarakimu zilizofichwa zimekwenda. Hazirudi kwa kubadilisha upana wa safu. Iweke safu katika muundo wa maandishi *kabla* ya kuanza kuandika, si baada yake.

Jambo la pili ni usimbaji wa herufi, yaani jinsi kompyuta inavyohifadhi herufi kwa namba. Ukiona "é" imegeuka "Ã©", faili ya UTF-8 imesomwa kana kwamba ni ya usimbaji wa zamani wa Windows. Hifadhi kama CSV UTF-8, kisha tumia programu ya MarcEdit kugeuza safu kuwa nyuga za MARC 21, muundo sanifu wa rekodi za maktaba: jina la kitabu 245 $a, mwandishi 100 $a, ISBN 020 $a, mada 650 $a. Rekodi zikishatoka, angalia nafasi ya 09 ya kiongozi, yaani zile herufi 24 za mwanzo wa rekodi, ukihesabu kuanzia 0. Ikiwa na "a", rekodi inajitangaza kuwa ya Unicode. Ikiwa tupu huku maandishi ni UTF-8, herufi zenye alama zitavurugika wakati wa kuingiza. Jaribu kwa rekodi 20 kwanza, zikiwemo zile ngumu: zenye waandishi watatu, zisizo na ISBN, zenye juzuu.

Dhana: Data za CDS/ISIS (programu ya zamani ya katalogi) zimo katika ISO 2709, basi ni MARC.

ISO 2709, muundo wa faili wa kubadilishana rekodi, ni bahasha tu. Barua iliyomo inaweza kuwa ya lugha yoyote. Kwenye hifadhidata ya mfano iliyokuja na CDS/ISIS ya UNESCO, jina la kitabu liko uga 24 na mwandishi uga 70, na maktaba nyingi ziliiga au zikabuni namba zao. Zaidi ya hapo, ISIS hukata faili inayotolewa katika mistari ya herufi 80, na visomaji vya MARC hukwama papo hapo. Toa faili bila kukata mistari, kisha tengeneza jedwali la kuhamisha namba za zamani kwenda za MARC, uga kwa uga.

Dhana: Rekodi iliyopakuliwa kwa Z39.50 (njia ya kunakili rekodi kutoka katalogi za maktaba nyingine) haiguswi.

Inaguswa. ISBN uliyotafuta inaweza kuleta rekodi ya kitabu cha kielektroniki. Uga 300 utakuonyesha. Nyuga za 9XX zilizobeba mambo ya maktaba nyingine zifutwe. Kisha tazama kiashiria cha pili cha uga 245, kinachosema herufi ngapi zirukwe wakati wa kupanga: "The " ni 4, "A " ni 2, na nafasi huhesabiwa. Kiswahili hakina vibainishi vya aina hiyo, kwa hiyo ni 0 daima. Anayenakili rekodi ya Kiingereza kuwa kiolezo akaacha 4 mahali pake, kitabu kinachoanza na "Kamusi" kitapangwa kwenye "si".

Dhana: Kitabu hakionekani kwenye utafutaji, basi rekodi imefutika.

Usiiandike upya. Koha huhifadhi rekodi kwenye MariaDB au MySQL, lakini hutafuta kwenye faharasa tofauti, Zebra au Elasticsearch. Fungua rekodi moja kwa moja kwa namba yake. Ikifunguka, faharasa ndiyo iliyobaki nyuma. Kwa Zebra:

sudo koha-rebuild-zebra -f -v jina_la_mfumo

Halafu chunguza kwa nini huduma ya faharasa ilisimama, la sivyo tatizo litarudi.

Dhana: Skana inahitaji programu yake.

Kwa kompyuta, skana ya kawaida ya USB ni kibodi: inaandika tarakimu na kubonyeza Enter. Namba zikitoka kama &é"', skana na kompyuta hazikubaliani kuhusu mpangilio wa kibodi; huo ni mpangilio wa Kifaransa.

Dhana: Chelezo (nakala za akiba za data) zinajitengeneza zenyewe, tuko salama.

Koha iliyofungwa kwa vifurushi vya Debian (aina ya Linux) hutengeneza chelezo kila siku, ni kweli, lakini huziweka chini ya /var/spool/koha, yaani kwenye seva ileile. Diski ikifa, vyote vinakufa pamoja. Zinakuwa faili mbili, .sql.gz yenye data na .tar.gz yenye mipangilio. Zihamishie zote mbili kwenye mashine nyingine. Chelezo ambayo haijawahi kurejeshwa usiihesabu. Irejeshe kwa koha-restore kwenye kompyuta ya majaribio, linganisha idadi ya rekodi, nakala na wasomaji na ile ya mfumo unaotumika, kisha azimisha nakala moja na kuirudisha.