Walimu, grupu sio stoo ya PDF, na daftari la mtoto lina mwenyewe

Walimu wenzangu, nimekaa kuandika hii kwa sababu malalamiko yamezidi. Mzazi kakuta picha ya mwanae kwenye grupu la walimu asiowajua hata mmoja, mwalimu kalipa elfu tano ya "notsi za mtaala mpya" akafungua akakuta ni kitabu cha TET (Taasisi ya Elimu Tanzania) kilekile kilichopo bure maktaba mtandao, mwingine ananiuliza, "Mratibu, nikiwa kwenye magrupu kumi si ndo nimemaliza MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini)?" Nashughulika na mafunzo ya walimu kazini ngazi ya halmashauri, yote haya yanaishia mezani kwangu, kwa hiyo nayajibu kwa pamoja.

Hilo la MEWAKA nimelisema kila kikao na bado linarudi. Kuwa kwenye grupu HAKUHESABIKI badala ya Jumuiya ya Ujifunzaji ya shuleni kwenu. Pale mnakaa, mnachagua mada inayowasumbua, mmoja anafundisha wenzake wanaangalia, mnajadili, kisha yaliyowashinda mnapeleka klasta (shule kadhaa za jirani pamoja), na kozi za TET unazisoma kwenye mfumo wao kwa akaunti yako mwenyewe sio ya mwalimu mkuu. Grupu linaendeleza kazi hiyo, haliifuti. Ila kuna mwalimu yuko shule ya walimu wanne, Hisabati anafundisha peke yake, wa kumuuliza hayupo, na kituo cha walimu kiko mbali nauli ni yake. Huyo ndo namwandikia zaidi, maana simu yake ikitumika vizuri inamsaidia kweli.

Nitoe mfano niliouona. Mwalimu wa darasa la tatu aliandika kwenye grupu dogo la masomo kwamba watoto wake zaidi ya nusu wakipewa 52 - 27 wanajibu 35, na alishafundisha kukopa mara tatu. Akapiga picha mstari mmoja tu wa daftari, jina halionekani. Mwenzake akamjibu, mtoto hajashindwa kukopa, ameangalia 2 na 7 akatoa ndogo kwenye kubwa akapata 5, kwake yeye kutoa ni hivyo, sasa ukirudia kukopa mara ya nne unarudia kitu ambacho hakipo kichwani mwake. Akamwambia chukua vijiti, funga mafungu ya kumi kumi, mpe mafungu matano na vijiti viwili, mwambie akupe vijiti saba. Mtoto atakwama, kisha atafungua fungu mwenyewe. Mwalimu alijaribu akarudi kusema ilivyoenda, na kwamba watoto wanne bado, wakaendelea kujadili hao wanne. Hapo ndo mtu anajifunza. Kwenye grupu hilohilo mwezi ule ziliingia PDF nyingi tu na sikuona mtu aliyerudi kusema ameitumia hata moja.

Kwa hiyo watu wako watafute kwa namna hiyo, yule anayejibu swali kwa kuuliza swali lingine, anayerudi kusema kilichomshinda, mfuate inbox umsalimie, mjuane. Watano wa hivyo wanatosha kuanza. Na wewe ujibu pia jamani, mtu anayechukua tu mwaka mzima ipo siku atauliza na watanyamaza.

WhatsApp ni nzuri kwa maongezi ya watu wachache lakini namba yako wanaiona wote, na grupu linaweza kubeba hadi watu 1,024 hapo hakuna maongezi tena. Mafaili weka Telegram, yanakaa kule hayakujazii simu, na anayeingia leo anaweza kuona ya zamani kama admini karuhusu. Kuhusu bando, zima kujidownlodi kwa video kwenye setingi, hilo mnalijua.

Sasa picha za watoto. "Lakini mratibu nimeweka kwa nia njema." Najua, na sina shaka na nia yako. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatumika tangu Mei 1, 2023, na taarifa za mtoto imeziweka kwenye kundi la taarifa nyeti, zinataka ridhaa ya maandishi, na kwa mtoto anayetoa ni mzazi au mlezi. Mwalimu mkuu kusema "piga tu" sio ridhaa. Jina, sura, matokeo ya mtihani, ugonjwa, hali ya nyumbani, vyote vimo. Mtu binafsi akikutwa na hatia ya kufichua taarifa kinyume cha sheria ni faini kuanzia shilingi 100,000 hadi milioni 20, au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Mzazi anaweza kupeleka malalamiko moja kwa moja Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi bila kupita kwangu. Hapo sijagusa nidhamu ya kazi, ambako kosa jepesi linaishia kwa mkuu wako wa shule, zito linaenda Tume ya Utumishi wa Walimu wilayani, unapewa hati ya mashtaka, unajitetea kwa maandishi, na adhabu inaanzia onyo mpaka kufukuzwa kazi, rufaa ipo. Kufuta picha baada ya malalamiko kunapunguza madhara ila hakufuti kosa, na mnaosema "grupu ni letu la ndani" naomba mlielewe hili leo, skrini shoti haijui ndani na nje.

Na msimu wa mitihani mtu akitupia "pepa ya NECTA hii hapa" (yaani ya Baraza la Mitihani), usiforwadi hata kuuliza kama ni ya kweli. Kuforwadi ni kusambaza. Mjulishe mkuu wako na Afisa Elimu Kata siku hiyohiyo, admini amtoe aliyetuma.

Kama hujui pa kuanzia, andika hivi: "Wenzangu, nafundisha darasa la tatu, watoto 68, mada ni kutoa. Wanakosea hapa (picha ya mstari mmoja, jina limefunikwa). Nimejaribu hiki na hiki. Nani amekutana nalo, alifanyaje?" Itume saa mbili usiku, wengi wameshakula na madaftari wameyaweka pembeni. Kesho kutwa rudi uwaambie ilivyokuwa darasani.