Udongo kama chujio la maji ya barabarani: dhana potofu na ukweli

Wapo wengi wanaoamini kuwa maji yanayotiririka juu ya lami wakati wa masika ni maji ya mvua tu, na kwamba uchafu wake ni ule unaoonekana kwa macho. Ukweli ni kwamba maji hayo huzoa zinki kutoka kwenye matairi yanayolika, shaba kutoka kwenye breki, na mafuta yanayovuja kwenye injini, kisha hupita mitaroni hadi baharini.

Dhana nyingine ni kuwa sumu hizo haziondoki bila mtambo wa gharama. Katika jimbo la Washington, Marekani, utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionesha kuwa samaki aina ya samoni waliowekwa katika maji ya barabarani walikufa, ilhali wenzao waliowekwa katika maji hayohayo, baada ya kupitishwa kwenye mchanganyiko wa mchanga, mboji na magome ya miti, walinusurika. Udongo hunasa chembe za vumbi zilizobeba sumu. Mfinyanzi na mboji hushika madini yaliyoyeyuka. Na vijidudu huyavunja mafuta taratibu.

Hapa kwetu dhana yenye hatari zaidi ni kwamba udongo wowote unatosha, na kwa hiyo kuchimba shimo kando ya barabara na kuyaacha maji yazame ni kuyasafisha. Sehemu kubwa ya mashariki na kusini mwa Unguja ni uwanda, ambako udongo ni mwembamba na chini yake kuna jiwe la matumbawe lenye nyufa na mapango. Maji yakishafika kwenye nyufa hizo hayachujwi tena, bali hukimbilia kwenye maji ya ardhini, na visima vyetu hutegemea maji hayo. Shimo lililofika kwenye jiwe, kwa maoni yangu, ni baya kuliko kutokuwa na shimo kabisa. Panapokosekana udongo wa kina cha kutosha, ni lazima uletwe na kupangwa juu ya jiwe, tena kwa uangalifu, kwa sababu mchanga mtupu hupitisha maji upesi mno na mfinyanzi mtupu huyazuia.

Wapo pia wanaohofu kuwa chujio la udongo litazalisha mbu, lakini hofu hiyo ina msingi pale tu maji yanapotuama. Chujio lililotengenezwa vizuri hukauka ndani ya siku moja au mbili, kabla kiluwiluwi hajawa mbu.

Wala si kweli kuwa udongo huimaliza sumu yote. Mafuta huvunjwa, lakini zinki na shaba hazivunjiki: hubaki, hasa katika tabaka la juu, ambalo baada ya miaka hupaswa kuondolewa na kubadilishwa. Kwa sababu hiyo haifai kupanda mchicha wala muhogo katika udongo huo, hata ukionekana mweusi na wenye rutuba, na maji yaliyochujwa humo si ya kunywa.