2 Unlimited: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Ni kundi la Waholanzi." Hivyo ndivyo wengi wanavyosema kuhusu 2 Unlimited, kundi la muziki wa kielektroniki wa kucheza lililovuma miaka ya 90. Ni kweli nusu tu. Waliosimama jukwaani, Ray Slijngaard na Anita Doth, ni watu wa Amsterdam. Muziki wenyewe ulipikwa Ubelgiji na maprodyuza Jean-Paul De Coster na Phil Wilde, ukatolewa na lebo ya Byte. Shika hilo, kwa sababu mengi yanayofuata yanatokana nalo.

"Wimbo wa Get Ready for This waliutunga wale wawili." Mdundo ulikuwa tayari kabla hawajaja. Ray aliombwa aongeze mistari ya kuchana. Akamvuta Anita aimbe sehemu ya kike, maprodyuza wakaipenda sauti yake, na ndipo wakawa wawili. Hata hivyo, toleo lililofika namba 2 kwenye chati ya Uingereza mwaka 1991 ni la ala tupu, na ndilo hilo linalopigwa kwenye viwanja vya mpira wa kikapu Marekani. Yule mwanaume anayesikika kwenye wimbo akiuliza kama mko tayari si Ray. Ni kipande kilichokatwa kutoka kwa rapa The D.O.C., kwenye rekodi yake ya 1989. Kwa hiyo unaweza kuwa umeucheza wimbo huu miaka yote bila kumsikia Ray wala Anita.

"Walikuwa sura tu, waliimba wengine." Hapa wanabeba dhambi za wenzao. Kundi la Technotronic, nao wa Ubelgiji, walimweka mwanamitindo Felly kwenye video ya "Pump Up the Jam" ilhali aliyechana ni Ya Kid K, mzaliwa wa Kinshasa. Kwa kundi la Corona, Olga Souza alionekana na Giovanna Bersola akaimba "The Rhythm of the Night". Kwa 2 Unlimited, sauti za matoleo yenye maneno ni za Ray na Anita wenyewe.

"Wimbo wao wa No Limit hauna mashairi." Inategemea umenunua wapi. Toleo la Ulaya bara lina mistari kamili ya Ray. Uingereza, lebo ya PWL ilikata karibu yote, ikabakiza kiitikio na neno "techno" linalorudiwarudiwa. Hilo lililokatwa ndilo lililokaa namba 1 kwa wiki 5 mwaka 1993, kisha kipindi cha vikaragosi cha Spitting Image kikawadhihaki kwa wimbo ulioitwa "No Lyrics". Walichekwa kwa kisu cha mtu mwingine! Ukiokota mkusanyiko wa nyimbo za miaka ya 90, sikiliza baada ya kiitikio cha kwanza: Ray asipoingia na mistari mirefu, umeshika toleo la Uingereza.

"Walipoondoka 1996, kundi likafa." Jina halikuwa lao. Waliolimiliki waliajiri waimbaji wawili wapya, Romy van Ooyen na Marjon van Iwaarden, wakatoa albamu "II" mwaka 1998. Wanaoinunua wakitarajia sauti ya Anita hushangaa. Ray na Anita wenyewe waliporudiana 2009 ilibidi wajiite Ray & Anita, na jina la zamani wakalitumia tena kuanzia 2012. Anita alijiondoa 2016. Ray akaendelea na mwimbaji mwingine. Kabla ya kulipia tiketi, soma majina ya waimbaji, si jina la kundi pekee.