Fizio ni nani, na kazi yake ni nini hasa

Hapa Moshi ukimwambia mtu unafanya kazi ya fiziotherapia swali la kwanza ni "aah, wale wa kuchua?" Wengine wanatuita madaktari wa mazoezi, wengine fizio tu, na bibi mmoja wa Kibosho ananiita "yule kijana wa miguu", yote naitika. Ila maana ya kazi yenyewe naomba niieleze vizuri, kwasababu kuna wagonjwa wanaletwa kwetu wamechelewa sana, familia ilidhani kazi yetu ni kuchua na kuchua hata shangazi anaweza nyumbani na mafuta yake ya nazi. Mzee wa kiharusi analetwa mwezi wa nne tangu apooze, kiwiko kimeshakakamaa, vidole vimejikunja ndani ya kiganja, na hapo kazi ambayo ingekuwa ya wiki kadhaa inakuwa ya mwaka na bado hatufiki pale tulipotaka. Inaniuma kila mara.

Kwa kifupi fiziotherapia ni tiba ya kurudisha mwendo wa mwili uliopotea au kuulinda usipotee. Aliyevunjika nyonga, dereva wa bodaboda aliyekatwa mguu, mtoto mwenye mtindio wa ubongo, mama aliyejifungua mkojo ukawa haushikiki, mgonjwa wa ICU, yaani wodi ya mahututi, ambaye mapafu yamejaa makohozi na hawezi kukohoa, wote hao ni wa fizio. Dawa zetu ni mazoezi yaliyopimwa, mikono, na kufundisha. Kuchua kumo na wanaosema hivyo hawajakosea kabisa, maana hata kule Uingereza taaluma ilianzia huko, mwaka 1894 manesi wanne wa London walianzisha chama cha wachuaji waliosomea na hicho ndo baadae kikaja kuwa chama cha mafizio. Halafu ikaja vita kuu ya kwanza, ikaja polio, watu wengi wakawa wanahitaji kufundishwa upya kusimama na kutembea, na mtu ukimchua hata mwaka mzima hutamfundisha kutembea, lazima misuli yake yenyewe ifanye kazi.

Sasa ujuzi uko wapi? Kwanza kwenye kupima. Misuli tunaipa namba kuanzia 0 mpaka 5. Sifuri hamna kitu. Moja unaona au unahisi kwa kidole misuli inashtuka ila kiungo hakisogei. Mbili kiungo kinasogea kama uzito wake umebebwa, mfano mkono uko juu ya meza unateleza. Tatu mtu anaweza kuunyanyua mwenyewe bila kusaidiwa. Nne anaunyanyua hata ukiuzuia kidogo, tano ni nguvu kamili. Ukimwona fizio anashika paja la mgonjwa na kumwambia "nyoosha goti" alafu anakaa kimya anaangalia, hapo anatafuta namba, na namba ndo inayomwambia zoezi gani ampe leo. Ukimpa mwenye 2 zoezi la mwenye 4 atashindwa, atavunjika moyo na kesho haji. Kutoka 2 kwenda 3 ndugu hawaoni kitu, ila mimi siku hiyo narudi nyumbani na furaha ya ajabu.

Halafu kuna kuuliza, na hapa ndo naona wanafunzi wengi wanapita haraka. Lazima nijue anakoishi. Choo ni cha kuchuchumaa au cha kukaa? Kutoka barabarani mpaka mlangoni kuna mteremko? Kwenye vihamba, yaani mashamba ya nyumbani ya huku milimani, wakati wa masika udongo unateleza hata kwa mzima, sembuse mama wa miaka sabini na magongo yake mawili, kwahiyo kumfundisha kutembea kwenye sakafu ya marumaru ya hospitali haijatosha, natoka naye nje kwenye majani na kwenye ngazi. Kuna mama nilimuuliza lengo lake akaniambia kwa sauti ndogo, "mwanangu nataka nifike zizini niwape ng'ombe majani". Basi mazoezi yake yote tukayapanga kuelekea zizini, kuinama, kunyanyua, kugeuka na mzigo. Mgumu wa Kilimanjaro, yaani mpagazi anayebebea watalii mizigo mlimani, naye anashuka na goti linauma, mzigo wake wa mteja unaruhusiwa mpaka kilo 20, nikimwambia "pumzika miezi mitatu" nimemwambia afe njaa, inabidi nimjenge misuli ya paja ya mbele, nimfundishe kushuka na fimbo, nimrudishe mlimani taratibu.

Na kwa upande wa watoto, huku kwetu kuna mguu kifundo, mtoto anazaliwa unyayo umepinda kwa ndani, ambao ukiwahiwa mtoto akiwa mchanga unanyooshwa kidogokidogo kwa kubadilisha hogo (plasta ngumu wanayofungwa waliovunjika) kila wiki kisha anavaa viatu maalum vyenye chuma katikati. Wenzetu wa Arusha wanapata pia watoto waliopinda miguu kwa ajili ya madini ya floraidi kuwa mengi kwenye maji ya upande wa Meru, wakishanyooshwa kwa operesheni bado magoti na misuli inatakiwa ifundishwe.

Mwili wa fizio mwenyewe sasa. Hii haisemwi sana kwa vijana wanaotaka kusomea hapa Moshi kwenye hospitali ya KCMC au kwingine. Kazi ni ya kusimama kutwa, kuinama, kupiga magoti sakafuni na watoto, kubeba uzito wa mtu mzima. Maumivu ya kiuno ndo yanawapata wengi wetu, na vidole gumba vinachoka kwa kukandamiza mpaka jioni unashindwa kufungua kifuniko cha chupa. Kumtoa mtu kitandani kwenda kwenye kiti sio nguvu za mabega. Unamsogeza mpaka ukingoni, miguu yake inakanyaga chini vizuri, magoti yako yanayazuia yake, unamwambia ainame mbele mpaka pua ivuke vidole vya miguu, makalio yananyanyuka yenyewe, wewe unaongoza tu. Mgongo wako umenyooka, unakunja magoti, na unapogeuka geuka kwa miguu, usijinyonge kiuno. Mimi mwaka wa kwanza wa kazi nilimnyanyua mzee mmoja mzito kwa haraka haraka peke yangu, nikalala chali siku nne. Tangu hapo naita mwenzangu, sioni aibu.

Lakini mzigo mkubwa zaidi naona ni wa subira. Unamwomba mtu mwenye maumivu afanye kitu kinachouma, leo, kesho na keshokutwa, huku hana hakika kama atapona, na wewe huruhusiwi kumdanganya. Baba mtu mzima analia mbele ya watoto wake kwasababu ameshindwa kusimama. Unakaa naye chini, unamwacha alie, mnajaribu tena.

Kama nyumbani kuna aliyepata kiharusi, usimvute kwa mkono uliopooza unapomnyanyua, bega lile misuli yake imelegea haiwezi kulishikilia, linachomoka kirahisi na maumivu yake yanakaa muda mrefu. Mgeuze kitandani kila baada ya masaa mawili. Mkishauriwa mje kwa fizio njooni mapema, na mje na yule anayeshinda naye nyumbani, awe mke, mjukuu au dada wa kazi, sio mtoto wa Dar aliyekuja kwa wikiendi, maana mimi namwona mgonjwa nusu saa na huyo anakuwa naye siku nzima, kwahiyo namfundisha yeye kwanza.