Turbo ilisingiziwa

Nimenunua turbo mbili, zile feni zinazozungushwa na moshi wa ekzosi ili zisukumie injini hewa, kwa sababu ya vali ndogo kama kidole na mpira wa urefu wa shubiri moja. Zote mbili zilikuwa za aina ya T25, za mtumba, zilizovuliwa kwenye Nissan na kuletwa kutoka Mombasa, na zote zilifika kwenye Corolla yangu zikaanza kutoa moshi wa buluu kabla wiki haijaisha. Nikamlaumu aliyeniuzia. Nikalaumu oili. Nikalaumu hata vumbi la barabara ya Kakoneni. Mama yangu, ambaye hajawahi kulitamka neno turbo sawasawa, alikuwa akinipigia kelele dirishani: "Hiyo taabu yako inatufukiza kuliko udi!"

Naandika haya kwa sababu haipiti wiki bila kijana kusimama mlangoni kwangu hapa Maweni, mikono imejaa grisi, akiniambia, "Ami, oili sili ya turbo imekwenda." Namuuliza amejuaje kwamba kizuizi hicho cha oili kimekwisha. Jibu ni lile lile: ameona oili kwenye turbo. Basi keshatenga pesa za turbo nyingine, na injini yenyewe hajaiuliza swali hata moja.

Gari langu ni AE101 yenye injini ya 4A-FE, cc 1587, mgandamizo wa 9.5 kwa 1. Toyota waliiunda ijivutie hewa yenyewe. Mimi ndiye niliyeamua isukumiwe, kwa shinikizo la psi 7 tu, maana kwa mgandamizo mkubwa hivyo sitaki kuwa shujaa. Kila tundu jipya nimelitoboa mimi, kila bomba nimelichomelea mimi. Gari lililotoka kiwandani na turbo lina kitabu cha kukuonyesha mpira upi unakwenda wapi. Hili halina kitabu, na lilipoanza kuvuja nilijua fundi wa kulaumiwa anakaa wapi.

Babu yangu alikuwa fundi wa majahazi. Akiitwa kwenye chombo kinachovuja, hakuanza na pamba na nyundo ya kukalafati. Chombo kikiwa baharini, maji yanayoingia hutambaa kwenye mataruma, yakajitokeza mbali kabisa na tundu lenyewe, kwa hiyo kumwuliza nahodha "panavuja wapi" ni kupoteza wakati. Alingoja maji yakupwe, chombo kikae mchangani, kisha akazunguka nje akitazama ngama, yale maji yaliyokusanyika ndani, inachuruzika kutoka ubao gani. Maji yaliyoingilia hapo hutokea hapo hapo. Nilichukua miaka kutambua kwamba kupima injini ya turbo kwa hewa ya kompresa ni kazi ile ile ya Babu.

Kifaa chenyewe si cha kununua. Chukua kifuniko cha bomba la PVC kinachoenea kwenye mdomo wa turbo, pale ambapo kichungio cha hewa hukaa. Kitoboe, ukipachike vali ya tairi kutoka kwa fundi wa pancha, kifunge kwa mpira na klipu mbili. Injini ikiwa imezimwa na imepoa, fungua kifuniko cha kutilia oili juu ya tapeti kava (mfuniko wa juu wa injini), halafu ingiza hewa polepole mpaka psi 7 au 8, si zaidi ya unayoendeshea. Kile kifuniko cha oili usikisahau: hewa ikijaa ndani ya injini bila njia ya kutokea itasukuma sili ambazo zilikuwa nzima. Ukisikia hewa yote inakimbilia ekzosi, vali za silinda moja zimebaki wazi. Zungusha kranki (shafti kuu ya injini) kidogo kwa spana, itatulia. Na usiweke uso mbele ya mpira wowote. Kifuniko kikifyatuka hakibagui jino la dhahabu.

Kisha chukua maji ya sabuni ya vyombo na burashi, upake kila kiungo. Povu litakuambia. Kwenye gari langu lilinionyesha mahali ambapo nisingepafikiria. Mipira ya intakula, kile kipozea hewa inayotoka kwenye turbo, nilitegemea, maana ncha za mabomba yangu hazikuwa na ukingo, na bomba lisilo na ukingo likipata utando wa oili ndani mpira huteleza kama papai bivu. Nilizungushia ncha zile mshono mdogo wa welding, nikazisafisha kwa petroli, zikashika. Lakini povu lilitoka pia kwenye mhimili wa throtoli, kile kilango cha hewa kinachofunguka ukikanyaga mafuta. Throtoli ya injini isiyo na turbo imezoea kunyonywa, haikuzoea kupulizwa, na sili za mhimili wake zikizeeka huachia. Raba za injekta (vinyunyizio vya petroli) nazo zilikuwa zinatoa vipovu vidogo. Na klipu: hapa kwetu na huu upepo wa chumvi, klipu inayong'aa juu inaweza kuwa imekwisha kuliwa chini, upande usiouona. Zigeuze uzitazame.

Watu huuliza kama hewa ikivuja gari litakunywa mafuta. Inategemea kompyuta inavyopima hewa. Gari lenye mita ya hewa kabla ya turbo huhesabu hewa ambayo imeshatorokea njiani, likamwaga petroli kwa ajili yake, na utaona moshi mweusi. La kwangu linapima shinikizo ndani ya manifoldi, yale mabomba yanayogawia silinda hewa, kwa hiyo halidanganyiki hivyo. Mvujo unachofanya ni kuichosha turbo: ili ifikishe psi 7 zile zile inabidi izunguke kwa kasi zaidi, na hewa inafika ya moto zaidi. Gari litakuwa zito, na hakuna taa itakayowaka.

Sasa nifike kwenye aibu yangu. Siku ile ya kwanza kupima, nikiwa nimeinamia intakula, nilisikia mngurumo wa hewa ukitoka kwenye tundu la kutilia oili. Kidogo ni kawaida, hewa hupita kwenye ringi za pistoni na kwenye turbo yenyewe. Huu ulikuwa kama mtu anapuliza siwa. Nikachukua koleo, nikaubana mpira unaotoka kwenye manifoldi kwenda kwenye vali ya kupumulia iliyo juu ya tapeti kava. Kimya.

Vali ile kazi yake ni kuruhusu injini inyonye mvuke wa oili kutoka tumboni mwake. Manifoldi ikipata shinikizo inatakiwa ijifunge. Yangu, ya miaka mingi, haikuwa ikijifunga, na kila nilipokanyaga mafuta nilikuwa napuliza psi 7 ndani ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini.

Na hilo linahusianaje na moshi kwenye turbo? Turbo haina sili ya raba. Kwenye shafti yake kuna ringi nyembamba za chuma, ndugu wa ringi za pistoni, na zinafanya kazi ikiwa tu oili ina njia ya kutoka. Oili inaingia kwa nguvu ya pampu lakini inatoka kwa uzito wake peke yake, inadondoka, haisukumwi. Ikikuta sampu imejaa shinikizo, haishuki. Inajaa kwenye turbo, inatafuta mlango mwingine, na milango iliyobaki ni miwili: upande wa ekzosi, ikawa moshi wa buluu, na upande wa hewa, ikawa utando kwenye intakula. Ndiyo maana turbo ya pili ilifanya vile vile. Hata ya kumi ingefanya.

Mpira wa kurudishia oili nao nilikuwa nimeupitisha chini ya maunti ya injini, ukafanya kibonde katikati. Kibonde kinashika oili. Mpira huo uwe na tundu la milimita 16 hadi 19, ushuke moja kwa moja bila kupanda popote, na uingie kwenye sampu juu ya usawa wa oili. Mdomo wa turbo unaotoa oili utazame chini. Ukiinama, usizidi nyuzi 35. Niliishusha sampu, nikalihamisha tundu, nikaweka vali ya kuzuia hewa kurudi nyuma na kopo la kudakia mvuke. Turbo ya kwanza, ile niliyoihukumu, niliirudisha. Mpaka leo haijatoa moshi.

Kabla hujaihukumu yako, ishike shafti kwa vidole. Kutikisika kidogo kwenda kando ni kawaida, maana bila oili bushi zake huwa na nafasi. Blade zikigusa ukuta, au shafti ikienda mbele na nyuma ukaihisi wazi, hapo kweli imekwisha.

Kwa oili inayotoka nje, osha injini kwanza, ikauke, uipake poda ya mtoto, uende mpaka daraja la Sabaki na kurudi. Oili itachora njia yake kwenye weupe ule. Fuata juu, na upande upepo unakotokea, si chini inakodondokea. Kwenye 4A-FE tazama raba ya distribyuta na sili za mirija ya plagi kabla ya kushuka. Ukiwa umechukua oili ya turbo kwenye tundu la swichi ya presha, jihadhari na uzi wa fitingi. Ule wa Toyota ni wa aina iitwayo BSPT ya 1/8, nyuzi 28 kwa inchi. Aina nyingine, NPT ya 1/8, ina 27. Itaingia, itakaza, utafurahi, na itavuja tone baada ya tone hata uifunge na utepe mweupe wa mafundi bomba kama maiti. Washa za shaba za bolti za mabomba ya turbo usizirudishie zikiwa ngumu: zichome mpaka ziwe nyekundu, zitumbukize majini, zitalainika. Oili hii inapita karibu na chuma chekundu, kwa hiyo kizima moto kikae ndani ya gari, si nyumbani.

Maji ya kupozea injini nitayasema kwa kifupi kwa sababu kosa ni lile lile kila mara: maji ya kisima. Visima vyetu vingi vina chumvi, na chumvi hula rejeta na vifuniko vya matundu ya bloku kutoka ndani. Tia kulanti iliyochanganywa na maji yaliyochujwa chumvi. Lakini kama maji yanatupwa nje unapokanyaga tu, na injini ikinguruma taratibu hakuna kinachotoka, usinunue rejeta; hedi (kichwa cha injini) inanyanyuka na gesi inaingia kwenye maji. Kuna kimiminika cha buluu cha kupimia mdomoni mwa rejeta, kikigeuka njano umepata jibu.

Ekzosi inayovuja hujitaja yenyewe: tiki-tiki asubuhi injini ikiwa baridi, na alama nyeusi ya masizi kwenye kiungo. Mwanya kabla ya turbo huinyima nguvu ya kuzunguka, na sensa ya oksijeni inaweza kuona hewa ya nje ikadhani petroli ni kidogo.

Turbo ya pili ipo rafuni, nzima kabisa. Yule niliyemlaumu nilimpigia simu nikamwomba radhi. Akacheka, akaniuliza kama nataka ya tatu. Na Corolla bado linaacha tone moja chini kila usiku, la distribyuta. Raba yake nimeagiza.