Vidole viwili kwenye ramani ya Argentina

Mteja ninayempangia safari akiniambia anataka kuiona Argentina yote kwa siku 10, humfungulia ramani na kumwomba aweke kidole kimoja Puerto Iguazú, kaskazini, na kingine El Calafate, kusini. Kati ya vidole hivyo kuna kama kilomita 3,000, hata ukipima kwa mstari ulionyooka. Nchi hii ni kubwa karibu mara tatu ya Tanzania, na njia nyingi za ndege zinapitia Buenos Aires.

Kwa hiyo ratiba yangu huanzia kwenye viwanja vya ndege, vivutio baadaye. Ndege za masafa marefu hutua Ezeiza, kama kilomita 30 nje ya mji. Nyingi za ndani huondokea Aeroparque, mjini kabisa, kando ya mto Río de la Plata. Nilipokuwa mgeni wa kazi hii nilijipa saa tatu kati ya viwanja hivyo viwili. Foleni ya pasipoti, mizigo, msongamano wa magari... ndege ikaniacha, na tiketi nyingine nikainunua kwa pesa yangu. Sasa usiku wa kwanza ni Buenos Aires, na hilo sijadiliani na mtu. Ukifika Jumamosi ndiyo raha yenyewe, maana kesho yake kuna soko la mtaani San Telmo.

Wiki mbili zinatosha sehemu tatu: mji, maji na barafu. Iguazú, penye maporomoko ya maji, ipe siku mbili, moja kwa vijia vya upande wa Argentina, nyingine iwe ya akiba, kwani mvua huko haina adabu. Upande wa Brazil unayaona maporomoko kwa upana wake, ila hakikisha kwanza habari ya viza. El Calafate ni siku tatu. Mto wa barafu wa Perito Moreno uko kilomita 80 kutoka mjini, na ukuta wake una upana wa kilomita 5 hivi. Usiende ukapiga picha na kuondoka. Kaa. Utasikia mlio kama radi, halafu ndipo utaona kipande kinaanguka ziwani.

Julai, wakati wa likizo za shule, kusini ni baridi kali na mchana ni mfupi. Mimi hupendelea Machi au Novemba: Patagonia, yaani kusini huko, inapitika, na Iguazú haijawa tanuri kama Januari.

Mendoza, mkoa wa magharibi wenye mlima Aconcagua, huwa naikata kwanza kwenye ratiba, hata kama mtu amekuja na ndoto ya kuupanda. Mlima huo una mita 6,961, unaushinda Kilimanjaro kwa zaidi ya mita 1,000, na kuupanda ni safari ya wiki mbili peke yake.

Jambo la mwisho ni tumbo: chakula cha jioni huko huanza saa tatu usiku, wakati mwingine saa nne. Wenye watoto, nunueni mikate mapema.