Leza kabla ya sindano ya ganzi: bibi alitaka nimulike tu

Ilikuwa Julai, saa mbili asubuhi, baridi ya Mbeya mnaijua. Bibi mmoja wa Uyole aliingia kwenye kliniki yetu ya meno na mjukuu wa miaka saba, gego la utoto limeoza hata kuzibwa halifai.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nasikia siku hizi kuna taa inaua maumivu ya sindano. Basi mmulike tu, sindano uiache."

Bibi, sindano iko palepale. Taa yenyewe ni leza ya nguvu ndogo, haikati wala haiunguzi. Unaigusisha kwenye ufizi, mahali ambapo sindano itaingia, kwa muda mfupi kulingana na kifaa. Mwanga wake ni mwekundu, au ule uliopita wekundu ambao jicho halioni, kati ya nanomita 600 na 1,000. Seli huufyonza, na inaaminika kwamba mishipa ya fahamu inazubaa kidogo katika kupeleka habari za maumivu. Ganzi haileti, na huwezi kung'oa jino kwa leza hiyo pekee.

Chanzo chake kinanifurahisha kila nikikikumbuka. Mwaka 1967 daktari Endre Mester wa Budapest aliwanyoa panya akawamulika, akitaka kujua kama leza huleta saratani. Saratani haikuja, nywele za waliomulikwa zikaota upesi kuliko za wenzao.

Kwa watoto wanaotibiwa meno, tafiti zinagongana. Nyingine zinaona maumivu yamepungua, nyingine hazioni tofauti na jeli ya ganzi tunayopaka siku zote. Mimi naiona kama msaidizi. Kliniki isiyo nayo isijione maskini, kwa sababu maumivu mengi ya sindano yanatoka mkononi mwetu sisi wenyewe.

Mchomo wa ncha ni kitu kidogo. Kinachomliza mtoto zaidi ni dawa inapoingia. Lignokaini, yaani dawa ya ganzi, iliyochanganywa na adrenalini ya kubana mishipa ya damu ina uchachu, kwa hiyo inawasha, na ukiisukuma kwa pupa inatanua nyama kwa nguvu. Kwenye kaakaa ni balaa zaidi, maana nyama yake imegandana na mfupa, dawa haina pa kwenda. Ndiyo maana tunafundishwa mililita 1 kwa dakika. Kichupa cha mililita 1.8 kinataka karibu dakika mbili, na dakika mbili ukiwa na foleni nje ni ndefu, nakiri. Halafu kuna baridi yetu hii. Kichupa kilicholala kabatini usiku wa Julai kinatoka kama maji ya mto Kiwira. Mimi nakishika kiganjani huku nikiongea na mtoto mambo ya shule. Na jeli nayo inataka ufizi uliokaushwa na subira ya dakika moja au mbili. Ukiipaka juu ya mate umempaka mate.

Wazazi nao wana mchango wao. "Ukiendelea na utundu nitakupeleka kwa daktari akudunge!" Mtoto aliyelelewa na sentensi hiyo anaanza kulia akiwa bado getini. Hapo leza ya bei yoyote haina la kufanya. Wala msimwambie kwamba hatadungwa. Akishagundua, mimi na nyie wote tumeshakuwa waongo, na safari ijayo mtambeba.

Mjukuu wa bibi alipenda miwani ya kinga. Sote chumbani tulivaa, bibi pia, kwa kuwa mwanga huo si wa kuuchezea macho. Nikamulika, nikadunga polepole. Alikunja uso mara moja, dawa ilipoanza kuingia, basi. Jino likatoka.

Nilimwambia bibi amchunge kwa saa mbili tatu, kwani mdomo wenye ganzi watoto huutafuna bila kujua. Kesho yake walirudi. Pengo safi, mdomo wa chini umevimba kama andazi.

"Nilimgeuzia mgongo kidogo tu, nikichochea moto," bibi akasema.